Naomba ushauri: vyombo vya maua vya fedha, niving'arishe au niviache?

Ndugu zangu, salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua vitu vya kale vya fedha.

Naishi Birmingham, Uingereza. Shangazi yangu kaniachia vyombo viwili vya maua vya fedha, vya urefu wa sentimita 20 hivi. Umbo ni la Kirumi: nakala ndogo za Warwick Vase, lile chombo kubwa la marumaru lililofukuliwa Tivoli, karibu na Roma, mwaka 1771, ambalo sasa liko Burrell Collection, Glasgow. Vishikio ni mashina ya mzabibu yaliyosokotana, na ubavuni kuna vichwa vya watu wenye ndevu.

Mihuri ninayoiona ni simba anayetembea (yaani fedha ya 925, sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1000), nanga ya Birmingham, na herufi ya mwaka iliyofutika nusu. Kichwa cha mfalme au malkia, alama ya kwamba kodi imelipwa, hakipo, kwa hiyo nahisi vilitengenezwa baada ya 1890, kodi ya vyombo vya fedha ilipoondolewa.

Nimeviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu. Weusi umebaki kwenye nakshi, na kusema kweli mimi naona unazipendezesha. Duka moja la vito liliviweka kwenye mizani likataka kuvinunua kwa bei ya kuyeyusha, yaani bei ya uzito wa fedha tu. Nilikataa.

Sasa, nikiondoa weusi huo kwa dawa ya kung'arishia, nitashusha thamani yake? Na ile herufi naweza kuisomaje bila kuikwaruza?