Naomba ushauri: wezi wanavunja nyumba usiku wa mvua, Moshono

Wakuu, habari zenu. Naishi Moshono, Arusha, na mama yangu mzazi hushinda nyumbani na wajukuu tu. Siku hizi mtaani kwetu wezi wanavizia usiku wa mvua kubwa, maana ikipiga bati hakuna anayesikia kitu. Wanapitia kwenye mahindi na migomba, wanatanua nondo za dirisha la jiko kwa jeki ya gari, wanaondoka na mtungi wa gesi na televisheni.

Nondo nitaongeza, na taa ya sola yenye sensa nitafunga nyuma. Ukuta siuwezi kwa sasa, labda michongoma.

Kinachonisumbua hasa ni ulinzi shirikishi, yaani vijana wa mtaa kulinda usiku kwa michango yetu wakazi. Mwenyekiti wa mtaa ameukubali, ila majirani wanabishana kuhusu pesa. Kwenu mlichanga vipi, kwa nyumba au kwa mpangaji? Nani anashika fedha? Vijana mliwapeleka kwanza kituoni wakajulikane na polisi? Na mwizi akikamatwa, mnawazuiaje watu wasimpige? Hilo linanitisha kuliko hata kuibiwa. Wenye uzoefu, hasa wa Arusha na Moshi, nisaidieni.