Kansa ya tezi ya shingo aina ya anaplastiki, mbona wanajaribu dawa mbili kwa mpigo?

mdogo_wake: Jamani naombeni msaada. Dada yangu uvimbe wa shingo umekua ndani ya wiki chache tu, majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe yametoka ni anaplastiki, ile kali inayokua haraka. Daktari anataka aingie kwenye jaribio la dawa mbili kwa pamoja. Kwa nini wasianze na moja, ikishindwa ndo waongeze? Na asije akaangukia kwenye vidonge vitupu visivyo na dawa, usingizi sipati kabisa

nesi_wa_zamu: Pole sana mdogo wangu. Hii kansa haikupi muda wa kuanza na moja, zamani wengi walikuwa wanaondoka ndani ya miezi mitano sita hivi. Halafu kuna jeni inaitwa BRAF, ikiharibika kwa namna ya V600E seli inagawanyika bila kupumzika, ukiiziba peke yake kansa inatafuta njia ya pembeni, ndo maana dabrafenibu inaziba BRAF na trametinibu inaziba MEK, hatua inayofuata. Marekani waliziruhusu pamoja mwaka 2018, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 23 tu na uvimbe ulisinyaa kwa 14. Wachache ndiyo, ila ugonjwa wenyewe nadra. Na kwenye jaribio hilo wote walipewa dawa zote mbili, hakukuwa na vidonge vitupu. Jaribio la dada muulize daktari likoje.

mtoto_wa_mama: BRAF imepimwa?? Sisi kwa mama tulisubiri ripoti kubwa ya jeni wiki tatu nzima, naumia mpaka leo, kumbe maabara wanaweza kukipaka rangi kile kinyama na jibu la BRAF likatoka ndani ya siku chache. Ulizia hilo kabla ya yote

nesi_wa_zamu: Kweli kabisa. Na kama hana V600E msikate tamaa, wapo wanaojaribu lenvatinibu, inayobana mishipa ya damu inayolisha uvimbe, pamoja na pembrolizumabu inayoamsha kinga ya mwili. Ila hiyo lenvatinibu inaweza kuleta kutoka damu, na uvimbe uko karibu na mishipa mikubwa ya shingo, wasiwafiche hapo.

mdogo_wake: Asanteni sana, kesho asubuhi naenda maabara. Nimesikia hizo za BRAF zinaleta homa kali, ikija usiku?

nesi_wa_zamu: Ikifika 38 pigeni simu usiku huohuo, msingoje kuche. Mara nyingi wanasimamisha vidonge kwa muda, homa ikishuka wanavirudisha.