Kuanza ngumi za kulipwa ukiwa na miaka 38 kwa sababu baba alikuwa bingwa: ni haki?

KonaNyekundu: Wakuu, naleta hoja. Jacqui Frazier-Lyde, binti wa Joe Frazier aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, aliingia ngumi za kulipwa mwaka 2000 akiwa na miaka 38. Alikuwa wakili, ana familia. Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, alikuwa ameshaanza kupigana, na Jacqui akataka kupambana naye. Juni 2001 wakakutana, raundi nane. Mimi nasema jina la baba lilimfungulia mlango ambao wengine wanaugonga hadi vidole vinachubuka. Ni haki kwa waliotoka jasho tangu utotoni?

Mpigapedi: Nafundisha ngumi. Linalonikera si mlango, ni umri. Mtu mzima akianza, pumzi utampa, nguvu utampa. Ila mkono wa kushoto ukishapiga unarudi kifuani badala ya shavuni. Unamwambia, anaitikia, ngumi inayofuata unashuka tena. Mtoto hurekebishwa hilo miaka na miaka kabla hajakutana na konde zito. Wa miaka 38 atarekebishwa na mpinzani. Na mama mwenye watoto ana kazi gani kule?

BintiWaUlingo: Ungeishia kwenye mkono wa kushoto, kocha. Hiyo ya mama imetokea wapi? George Foreman alitwaa ubingwa wa dunia 1994 akiwa na miaka 45 na watoto tele. Nani alimuuliza ana kazi gani?

Mpigapedi: Foreman alikuwa bingwa tangu 1973, dada. Alirudi, hakuanza. Usichanganye mambo.

BintiWaUlingo: Sijachanganya. Nimekuuliza kuhusu neno lako, unanijibu Foreman.

MzeeWaRaundi: Kocha, omba radhi twende mbele. Halafu huyo mama hakuonewa ulingoni. Majaji wawili walimpa Laila, wa tatu akatoa sare. Sare, na mtu aliyestaafu na ushindi 24 bila kupoteza hata pambano moja!

KonaNyekundu: Mzee, Laila naye alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye ngumi za kulipwa. Wote walikuwa wanafunzi.

MzeeWaRaundi: Basi mtazameni Marvis, kaka yake Jacqui. Huyo hakuchelewa, alitamba ngumi za ridhaa, baba yupo naye. Mapambano 10 tu, akapelekwa kwa Larry Holmes, bingwa wa dunia wakati huo, 1983. Likasimamishwa raundi ya kwanza. 1986 Tyson akammaliza ndani ya sekunde 30. Msiseme umri hapa. Tatizo ni baba.

Mpigapedi: Unamtukana Joe Frazier? Aliyemwangusha Ali 1971? Mzee, umeshawahi hata kuvaa glovu?

MzeeWaRaundi: Nimevaa. Baba yangu ndiye aliyenifunga bandeji. Pambano langu la tatu la ridhaa jicho lilikuwa limeziba kabisa, namwambia baba sioni, ananipaka mafuta na kusema bado unamweza. Mwamuzi ndiye aliyenihurumia. Baba amekufa hatujalizungumza. Kwa hiyo usiniulize glovu.

KonaNyekundu: Pole sana, mzee. Basi niulize hivi: baba bingwa akae kwenye kona ya mwanawe, au akae viti vya watazamaji?

BintiWaUlingo: Viti vya watazamaji, tena nyuma kabisa. Mzazi hawezi kurusha taulo kusimamisha pambano kwa wakati. Na kocha bado hajanijibu.