"Bosi, wewe zumu tu": yule fundi kamera mnamjua

Wakuu, hasira hata haijapoa. Fundi anaulizwa mbona sura ya mwizi pale getini haisomeki, anajibu: "Bosi, wewe zumu tu." Yaani nivute picha karibu. Azumu nini mtu?

Pigeni hesabu wenyewe. Kamera ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, lenzi 2.8 mm, inafungua pembe ya nyuzi kama 100. Geti liko mita 20, kwa hiyo picha inabeba upana wa mita 48 hivi. 1920 gawanya kwa 48: pikseli 40 kwa mita. Uso wa sentimita 16 unaambulia pikseli sita. Sita! Kwa pikseli sita mwizi na mwenyekiti wa mtaa ni mtu mmoja. Ukizumu huongezi kitu, unazitanua zilezile sita ziwe matofali.

IEC 62676-4, kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, toleo la 2014 lilitaka pikseli 250 kwa mita kumtambua mtu usiyemjua, 125 kwa unayemjua. Kamera hiyo inafikisha 250 mwisho mita 3 na kidogo. Getini ilistahili lenzi ya 12 mm: upana unashuka mita 9, unapata 213, ikiwa ya pikseli 2560, unavuka 280. Lakini "zumu tu"!

Mzee wa Koksho: Fungua mipangilio ya rekoda. Ikisoma 1080N, hiyo ni 960 kwa 1080, upana umekatwa nusu. Sita zako ni tatu.

Nyundo7: Ulitaka kamera nane kwa bei ya redio, ukapewa. Unamlilia nani?

Mama Rekoda: Afadhali wewe unaona matofali. Huyohuyo anafunga kamera nane kwenye adapta moja ya 12V 5A, waya mita 60. Giza likiingia taa za infraredi (za kuonea gizani) zinawaka, volti zinaanguka, kamera inazima; ikizima volti zinarudi, inawaka. Usiku kucha inakonyeza.

Mwanzisha uzi: Jamani, "ZUMU TU"! Kasema bila hata kupepesa!

Nyundo7: @Mama Rekoda huo waya ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukinzani wake mkubwa.

Mama Rekoda: Nitaujuaje nikiwa dukani?

Mzee wa Koksho: Kwaruza ncha kwa wembe. Ikitoka nyeupe, ni aluminiamu, mrudishie muuzaji.

Nyundo7: Wa shaba tupu Kariakoo siku hizi boksi la mita 305 bei gani?