Kutuliza rimoti ya droni kwa anayejifunza

Swali (Mwanagenzi): Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nina droni ndogo niliyojiundia, inayoendeshwa na Betaflight (programu iliyo ndani ya droni), na rimoti yangu ina EdgeTX (programu ya rimoti) katika modi ya 2, yaani kijiti cha kushoto huongoza nguvu ya mota na kugeuza pua, na cha kulia huinamisha droni pande zote. Ninamfundisha mdogo wangu kuirusha, lakini akikigusa kijiti cha kulia kidogo tu, droni hulala upande na kukimbia. Je, nifungue rimoti niweke springi ili kijiti cha kushoto kirudi katikati chenyewe, kama zilivyo rimoti za droni za kupigia picha?

Bisibisi: Springi hiyo usiiweke. Droni za picha zina vihisi vinavyoshikilia kimo, kwa hiyo kijiti kikiwa katikati huambiwa zibaki zilipo. Kwako, katikati ni takriban nusu ya nguvu, na droni nyepesi hupaa kwa kasi kwa nguvu hiyo. Mdogo wako akishtuka na kuachia kijiti, itazidi kupanda. Kinachofaa ni kukaza polepole skrubu ya kibati kinachokibana kijiti hicho, hadi kibaki pale kinapoachwa. Ncha ndefu za vijiti nazo husaidia sana, kwa kuwa kidole husafiri umbali mkubwa zaidi kwa pembe ile ile.

Tiara: Kabla ya bisibisi, jaribu menyu. Punguza kiwango cha chaneli zote nne (njia zinazopeleka miendo ya vijiti kwenye droni) hadi asilimia 60, na droni itapoa.

Fundi Mota: Ndugu Tiara, chaneli ya nguvu iachwe kwenye asilimia 100. EdgeTX hutuma thamani kati ya 988 na 2012. Ukiipunguza hadi 60, kijiti kikiwa chini kabisa kitatuma takriban 1193, ilhali Betaflight, kwa mpangilio wake wa kawaida, haiwashi mota thamani hiyo ikizidi 1050. Atabaki akishangaa kwa nini droni haiwaki.

Kwa chaneli tatu nyingine, mimi ningetumia ekspo ya asilimia 30 au 40, ambayo hulainisha mwendo karibu na katikati lakini hukuachia nguvu kamili mwishoni, pale mti unapokuwa mbele yako. Iunganishe na swichi ili mdogo wako awe na mpangilio wake nawe uwe na wako. Kisha, katika Betaflight, washa modi ya kujisawazisha na uweke kikomo cha kuinama kiwe nyuzi 30. Kukimbia unakokueleza kutapungua zaidi kwa hilo kuliko kwa jambo lolote utakalolifanya ndani ya rimoti. Ondoa propela zote kabla ya kuunganisha betri, na uhakikishe kwenye kompyuta kwamba kila chaneli inafuata kijiti chake.

Mwanagenzi: Nashukuru sana. Je, ekspo hiyo niiweke pia kwenye kugeuza pua?

Fundi Mota: Ndiyo, ila asilimia 20 inatosha.