Sawah ya urithi Java: Leter C ipo, hati haipo. Warithi waanzie wapi?

Jaruba_Kumi:
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoujua utaratibu wa ardhi vijijini Java, Indonesia. Chukulieni mfano huu. Baba amefariki, mama alishatangulia. Wameacha sawah, yaani majaruba ya mpunga, nusu bau (kipimo cha eneo), pamoja na pekarangan (kiwanja cha nyumba) yenye limasan (nyumba ya Kijava) ya mbao za mtiki. Watoto ni watatu: wa kiume wawili na binti ambaye ndiye kitinda mimba. Kaka mkubwa yuko Jakarta, binti kabaki nyumbani. Sawah inalimwa na jirani kwa maro, yaani kugawana mavuno nusu kwa nusu. Karatasi zilizopo ni kipande cha Leter C chenye jina la babu, na SPPT za kila mwaka. Je, zinatosha kuonyesha mali ni yao? Maro inapigwaje hesabu? Na huyu wa Jakarta anaruhusiwa kubaki na fungu lake?

Bikoni:
Hazitoshi. Leter C ni daftari la kodi linalokaa ofisi ya desa (kijiji), na SPPT ni taarifa ya kodi ya mwaka husika. Zote mbili zinakwambia nani alitozwa. Tangu Sheria ya Msingi ya Ardhi ya 1960 (UUPA), ushahidi wenye nguvu ni sertifikat (hati) ya hak milik, yaani umiliki kamili, kutoka ofisi ya ardhi ya BPN, wakala wa ardhi wa taifa. Tena kanuni ya serikali namba 18 ya 2021 iliweka ukomo: karatasi za kimila kama Leter C, petok D na girik zilipewa miaka 5, mwisho 2 Februari 2026. Baada ya hapo zinabaki dokezo tu la historia ya kiwanja. Ardhi haichukuliwi na serikali kwa sababu hiyo, msitishwe na madalali. Kinachobadilika ni uzito: sasa unategemea zaidi kuonyesha kwamba familia imeishikilia ardhi yenyewe kwa nia njema. Miaka 20 mfululizo bila mgogoro ndiyo kipimo cha kanuni namba 24 ya 1997.

Waanze ofisi ya desa kwa carik (katibu wa kijiji). Waombe dondoo ya Leter C, barua ya historia ya kiwanja, barua ya kutokuwa na mgogoro, na barua ya warithi inayopitia kwa mkuu wa kijiji na camat (mkuu wa tarafa). Juu ya hizo kuna tamko la umiliki wa kimwili, linaloitwa sporadik, na mashahidi 2. Ndipo wasimike patok (vigingi vya mpaka) kwenye kila kona, majirani wa pande zote wakiwepo na kutia saini. Hapo ndipo kazi nyingi hukwama, kwa sababu jirani mmoja akisema tuta la jaruba limesogezwa, mpimaji anafunga vifaa vyake na kuondoka. Mkubaliane na majirani kabla hajaja. Baada ya kupima, ombi la mtu mmoja mmoja hutangazwa siku 30. Kijiji kikiwa kwenye mpango wa PTSL, wa kusajili ardhi ya kijiji kizima kwa pamoja, tangazo ni siku 14, na gharama ya maandalizi kwa Java na Bali iliwekwa Rp150.000 mwaka 2017. Ukingoja zamu ya kijiji unaokoa fedha nyingi.

Mtego mwingine ni jina. Wajava wengi wa zamani walikuwa na jina moja tu, na mwanamume akioa alichukua jina jipya la utu uzima. Kwa hiyo babu anaweza kuwa na jina moja kwenye Leter C na lingine kwenye kitambulisho. Desa hutoa barua ya tofauti ya majina. Ichukueni mapema, wakati wazee wanaomkumbuka bado wapo. Angalieni pia herufi ya daraja: S ni sawah, D ni ardhi kavu. Herufi ikiwa D na mnalima mpunga, huenda mmeshika dondoo ya kiwanja kingine kabisa.

Mpunga_Mkavu:
Kuhusu maro. Bau moja ni ubin 500, kama mita za mraba 7,096, kwa hiyo nusu bau ni ubin 250, takriban mita za mraba 3,548. Tukichukua tani 5 kwa hekta, msimu mmoja unatoa kama kilo 1,770. Kwanza inatoka bawon, fungu la wavunaji. Kiwango hutofautiana kijiji na kijiji. Tuseme 1 kwa 8, basi kilo 221 zinaondoka. Zinabaki 1,549, kila upande 774 na kitu.

Ugomvi huwa kwenye mbolea. Je, inatolewa juu kabla ya kugawa, au mlimaji anaibeba peke yake? Maro mbili zenye jina moja zinaweza kumwachia mlimaji kipato tofauti kabisa. Mertelu (mafungu matatu) ni hivyo hivyo, lazima useme nani anachukua mawili. Sheria namba 2 ya 1960 inataka mkataba wa maandishi mbele ya mkuu wa kijiji, usiopungua miaka 3 kwa sawah. Wengi hupatana kwa mdomo tu. Baba akifa, jirani anabaki na neno lake tu, kwa hiyo warithi wamsikilize kabla ya msimu kuanza.

Jaruba_Kumi:
Asante wakuu. Na kama huyo jirani alimpa marehemu fedha na anadai sawah ni rehani?

Mpunga_Mkavu:
Hiyo ni adol sende, na ni habari nyingine. Sheria namba 56 ya 1960: rehani iliyofika miaka 7, sawah inarudi bila malipo, ndani ya mwezi mmoja baada ya mavuno. Chini ya hapo, toa miaka iliyopita kwenye 7.5, gawa kwa 7, zidisha kwa fedha iliyotolewa. Rehani ya Rp10.000.000 iliyokaa miaka 4: 3.5 ÷ 7 ni nusu, unakomboa kwa Rp5.000.000. Mwenye fedha atadai zote. Mwonyesheni kifungu cha 7, kwa upole, maana ni jirani.

Fungu_Langu:
Mgawo. Kuna njia mbili za Kijava. Segendong sepikul: mwanamume hubeba kwa mzega mizigo miwili, mwanamke hubeba mmoja mgongoni, kwa hiyo 2 kwa 1. Ubin 250 zinakuwa 100, 100 na 50. Ya pili ni dum-dum kupat, sawa kwa sawa: 83 na theluthi kila mmoja. Waislamu wakishajua mafungu yao ya kisheria wanaruhusiwa kupatana vingine kwa hiari, na mara nyingi kitinda mimba aliyewatunza wazazi huachiwa nyumba.

Wa Jakarta ana tatizo la kweli. Kanuni ya 1961, na nyongeza yake ya 1964, inakataza kumiliki ardhi ya kilimo ukiwa unaishi nje ya kecamatan (tarafa) yake. Aliyerithi ana mwaka 1 tangu kifo: ahamie, au amhamishie mwingine. Watumishi wa serikali na wanajeshi walio kazini wana msamaha. Usimamizi ni hafifu, lakini ofisi ya ardhi ikiona anwani ya Jakarta kwenye kitambulisho, ombi linaweza kugoma. Njia nyepesi ni ndugu wa kijijini kununua fungu lake, au yeye kupewa kitu kingine.

Kitu hicho kingine chaweza kuwa limasan yenyewe. Kimila nyumba na ardhi ni mali mbili: fremu inasimama juu ya mawe ya umpak na kuungwa kwa ndimi na vigingi, kwa hiyo hufunguliwa, kila kipande kikatiwa alama, na kupelekwa penginepo. Ila wasiishushe kabla binti hajakubali kwa maandishi, na waandike vigae ni vya nani. Vigae husahaulika kila mara.




Bikoni:
Nyongeza: hakikisheni hakuna kipande cha bengkok (ardhi ya kijiji) ndani ya hizo ubin 250. Kama marehemu aliwahi kuwa perangkat desa (ofisa wa kijiji), ardhi ile ilikuwa ujira wa cheo, na cheo kikiisha inarudi kwa kijiji. Haiuzwi wala hairithiwi. Carik atawaonyesha kwenye daftari.