Miguu ya mamaangu imejaa na kikohozi hakiishi, ni dawa za presha au ni kitu chengine?

binti_mchangamdogo

Assalaam alaykum jamaa. Nnaomba msaada hasa kwa mlio na wazee wa presha majumbani. Bimkubwa wangu yuko Pemba, miaka sitini na kitu, ana presha na sukari muda mrefu sasa. Dawa alizoandikiwa ni amlodipini, enalaprili na metformini. Ile amlodipini ilikuwa ya 5, akaenda kliniki wakampima presha bado iko juu wakampandisha 10, basi tangu hapo ikifika alasiri vifundo vimejaa mpaka kandambili hazimwingii, asubuhi vinapungua kidogo. Halafu ana kikohozi kikavu kinamsumbua usiku, hakitoi makohozi wala hana homa, keshapewa amoksilini, keshapewa dawa ya kifua ya maji, keshapimwa kifua kikuu hana, na bado anakohoa. Jirani mwenye duka la dawa akamwambia anywe Lasix maji yatoke. Kanywa, usiku kucha yuko njiani chooni, miguu iko vile vile na sasa misuli ya miguu inamkaza.

Sasa keshaamua. Anasema dawa za hospitali ndo zinazommaliza, anaziacha zote atumie habasoda na thomu. Mie niko Unguja naongea nae kwa simu tu. Nimwambie nini? Kila dawa hapo kazi yake nini na madhara yake yepi, maana kile kikaratasi cha ndani ya boksi herufi zake hazionekani na ni Kiingereza kitupu.

mpemba_asili

Shoga mwache mama apumzike na makemikali hayo. Wazee wetu walikuwa wanakula muhogo na samaki wanalima mpaka wanazeeka hawajui kidonge. Habasoda kijiko asubuhi na asali, presha itashuka yenyewe.

kijana_wa_darajani

Wazee wetu walikuwa wakianguka shambani watu wanasema kapigwa jini yakhe, hakuna alokuwa akiwapima hiyo presha, tusidanganyane.

Dada, hicho kikohozi mie nakijua. Baba yangu alipewa enalaprili akakohoa miezi, nyumba nzima hailali, tukadhani pumu, tukadhani vumbi la saruji kwa sababu jirani anajenga. Tukenda kwa daktari mwengine akaangalia dawa tu, hata kifua hakukigusa kwanza, akasema ni hii. Akamhamisha losartani. Hakikuisha siku ile lakini, kilichukua kama wiki tatu hivi kikapotea chenyewe. Usimwambie aache, mwambie akaombe abadilishiwe.

dirisha_la_dawa

Wa alaykum salaam binti. Mie nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo nitasema ninachokijua na atakaeamua ni daktari wake maana yeye ndo mwenye faili.

Tuanze na miguu. Amlodipini inalegeza misuli ya mishipa midogo ya damu, mishipa inatanuka, presha inashuka, na ni dawa nzuri sana kwa watu wetu. Ila inatanua zaidi ile mishipa inayoleta damu kuliko ile inayorudisha, sasa maji yanachuja yanatoka nje ya mishipa yanakaa kwenye nyama, na maji siku zote huteremka, ndo maana jioni vifundo vinajaa na akishalala usiku vinapungua. Na inafuata dozi, wa 10 wanavimba zaidi kuliko wa 5. Mwili wa mama haujazidiwa na maji, maji yamekaa pasipo pake tu, ndo maana Lasix haikufua dafu. Ilichofanya ni kumkojoza na kumtoa potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inakaza kama alivyokwambia. Lasix ni ya mtu mwenye moyo ulochoka au mapafu yalojaa maji, si ya hili, tena si kitu cha kupewa na jirani bila ya kupimwa.

Lakini kabla ya kuitupia amlodipini lawama zote muulize: ni miguu yote miwili? Akilala chali anakosa pumzi? Uso unavimba akiamka? Kama ni mguu mmoja tu una joto na unauma, inaweza kuwa damu imeganda. Pumzi kubana inaweza kuwa moyo, uso kuvimba inaweza kuwa figo. Hayo hayangoji kliniki ya mwezi ujao, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kikohozi, kijana hapo juu keshasema. Enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, zote hizi ni ukoo mmoja. Zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa. Sasa kimeng'enya hicho hicho ndo kinachovunja kitu kinaitwa bradikinini, ukikizuia bradikinini inazidi, koo linawasha, mtu anakohoa kavu. Amoksilini haina la kufanya hapo, hakuna bakteria wa kumuua. Na kinaweza kuanza siku chache baada ya dawa au baada ya miezi, ndo maana watu hawaunganishi. Losartani inapita njia nyengine haigusi bradikinini. Kitu cha kuogopa zaidi kwenye ukoo huu ni midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla, ni nadra lakini sie watu weusi hutupata zaidi, ikitokea dawa inaachwa pale pale na anakimbizwa. Na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi hizo wala losartani, nawaambia kwa sababu kwenye nyumba zetu vidonge vinaazimwa kama chumvi.

Metformini udhia wake ni tumbo tu, kuunguruma, kichefuchefu, kuharisha wiki za mwanzo. Anywe katikati ya chakula, si kabla. Akikaa nayo miaka mingi vitamini B12 inaweza kupungua, miguu inakufa ganzi, na watu wanadhani ni sukari tu. Kipimo kipo.

Asiache zote kwa mkupuo. Presha ikipanda tena haimwambii mtu, mnakuja kumkuta mdomo umepinda upande.

Swali langu moja. Kuna kitu chengine anakunywa ambacho hukukitaja? Dawa za maumivu, za dukani, mizizi, chochote.

mpemba_asili

Kwa hiyo habasoda imetajwa kwenye hadithi wewe unaipinga?

mwalimu_bayo

Hakuna aliepinga mbona. Na hizo mnazoziita makemikali nyengine zimetoka huko huko kwenye majani na wanyama. Kaptoprili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil anaeitwa jararaca, watu wakiumwa na nyoka yule presha inaanguka, wataalamu wakafuata njia hiyo mpaka wakapata kidonge, Marekani kiliruhusiwa 1981. Metformini asili yake ni mmea wa Ulaya ulokuwa ukitumika kwa wagonjwa wa kukojoa sana, Ufaransa wakaanza kuwapa wagonjwa wa sukari 1957. Tofauti ni kwamba kidonge unajua umekunywa miligramu ngapi, kijiko cha unga hujui. Haya nimemaliza, nna madaftari ya kusahihisha.

dirisha_la_dawa

Mie habasoda naila. Kuipinga sipingi, lakini tumeamrishwa kutafuta tiba pia, na mtu anaweza kuila na dawa yake akainywa. Tahadhari ndogo tu: ikiliwa nyingi inaweza kushusha sukari na presha kidogo, kwa hiyo daktari aambiwe. Thomu ya kwenye mchuzi haina neno, lakini anaesaga vichwa kadhaa kwa siku na huku anakunywa aspirini ajue damu itachelewa kuganda. Na madafu jamani. Dafu lina potasiamu nyingi, mzima halimdhuru, ila mwenye figo mbovu na yuko kwenye enalaprili au losartani, dawa hizo nazo zinazuia potasiamu isitoke, ikizidi inagusa mapigo ya moyo.

binti_mchangamdogo

Nimempigia. Miguu ni yote miwili, pumzi hana tatizo, uso hauvimbi alhamdulillahi. Nikamuuliza dawa nyengine akasema hana. Nikamwambia na magoti je mama, si yalikuwa yanakuuma? Akasema aah zile si dawa bwana, zile za magoti tu. Kumbe anakunywa diklofenaki asubuhi na jioni tangu masika, ananunua hapo hapo dukani, na kliniki hawajui kwa sababu hawakumuuliza na yeye hakuona haja ya kusema.

dirisha_la_dawa

Basi kisa chenyewe ndo hicho binti.

Diklofenaki, na ibuprofeni ni ndugu yake, inaondoa maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Sasa kemikali hizo hizo ndo zinazoweka wazi mishipa ya figo. Ukizizuia, figo zinashikilia chumvi na maji, presha inapanda, na enalaprili inavunjwa nguvu. Hebu fuata mtiririko. Magoti yameuma kanunua diklofenaki. Presha ikapanda, kliniki wakaona dawa haitoshi, wakampandisha amlodipini 10. Miguu ikajaa. Miguu ilipojaa akapewa Lasix. Lasix ikamkaza misuli, na sasa anataka kuacha dawa zote isipokuwa ile iloanzisha mambo, maana ile "si dawa". Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, sijamuona, lakini nimeiona njia hii kwa wazee wengi na kila kidonge kilichoongezwa kilikuwa kinatibu kidonge cha kabla yake.

Na kuna la hatari zaidi kuliko miguu. Enalaprili, Lasix na diklofenaki kwa pamoja ni balaa kwa figo za mtu mzima mwenye sukari. Figo zikifeli na metformini nayo haitoki vizuri inajazana.

Kwa hiyo diklofenaki na Lasix, hizi mbili ambazo hakuandikiwa na daktari, aziweke pembeni leo. Amlodipini, enalaprili na metformini aendelee nazo mpaka aonwe, na aonwe wiki hii asingoje tarehe ya kwenye kadi. Akienda abebe vidonge vyote vilivyomo ndani kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya magoti, avimwage juu ya meza ya daktari. Aombe kupimwa kreatinini, ndo kipimo cha figo, na potasiamu. Aulize kama enalaprili inaweza kubadilishwa losartani, na kama presha ikikaa sawa bila diklofenaki amlodipini irudi 5, losartani yenyewe mara nyingi hupunguza na huo uvimbe. Magoti apewe Panadoli, viwili vya miligramu 500 isizidi mara tatu kwa siku, au ile diklofenaki ya kupaka, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, lakini nayo aulize kwanza matokeo ya figo yakitoka.

mama_wa_wawili

Subhanallah, mamaangu mkwe anakunywa hizo hizo za magoti na vidonda vya tumbo anavyo. Leo hii naenda kumpekulia mkoba.

dirisha_la_dawa

Kapekue. Na muulize kama choo chake ni cheusi kama lami, kama ndio basi tumbo linavuja damu, mpelekeni leo.

kijana_wa_darajani

Mzee wangu na sukari anayo, yuko kwenye glibenklamidi. Ramadhani ilopita alitokwa jasho na kutetemeka baada ya adhuhuri akakataa kufungua. Hii dawa inakunywewaje kwenye funga?

dirisha_la_dawa

Glibenklamidi si kama metformini. Metformini peke yake ni nadra kuangusha sukari, ile glibenklamidi inalilazimisha kongosho litoe insulini umekula hujala, kwa hiyo mtu akiinywa daku halafu akafunga mchana mzima, sukari inaanguka. Mzee aende kwa daktari mwezi au zaidi kabla ya Ramadhani, ama apunguziwe ama apewe nyengine ilotulia zaidi kama gliklazidi na dozi kubwa iende futari. Wa metformini mara mbili huwa wanainywa futari na daku, wepesi tu. Amlodipini ni mara moja kwa siku wakati wowote haina shida, inakaa mwilini muda mrefu. Dawa za kukojoza zisinywewe daku, mtu atakaukiwa mchana. Kujidunga kidole kupima hakufunguzi funga, masheikh wengi wameshasema, na kipimo kikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) anafungua hapo hapo, tende na maji ya sukari, habishani na mtu.

binti_mchangamdogo

Jazakallahu khayr ami. Kaka yangu anampeleka keshokutwa, nimemwambia abebe mfuko. Bimkubwa kanuna kuhusu diklofenaki lakini ya kupaka kaikubali akiambiwa inafaa, anasema angalau itanukia dawa.

baharia_wa_mkoani

Samahani naingilia. Mie wa presha pia, napewa ile ya kukojoa hidroklorothiazidi, na tangu nianze kidole gumba cha mguu kinanivimba usiku hata shuka siwezi kuliweka. Ni hiyo?

dirisha_la_dawa

Fungua uzi wako bwana huu ni wa mama wa watu. Lakini ndio, inapandisha asidi ya yuriki, inaweza kuwa gauti, ule ugonjwa wa viungo, kapime. Na dagaa uzipunguze.